Ngogwe Zilizofungwa Tambara

Bwana shamba alinikabidhi fulana nyeupe yenye picha ya ngogwe kifuani. Mwanangu alikuwa ndiyo kwanza amejiharia. Nikamfutia nayo, pale pale mbele ya bwana shamba.

"Weee! Mama, hiyo imetoka ng'ambo!"

"Na mbegu yangu imekwenda wapi?"

Siku hiyo hata shikamoo sikumpa. Alikuja Ruhuwiko na habari njema eti: ngogwe yetu, ile wengine mnayoiita nyanya chungu, imesomwa vinasaba vyake vyote, mwanzo hadi mwisho. Nchi kadhaa ziligawana kazi, kila moja ikasoma kipande chake, kisha wakaunganisha majibu kwenye kompyuta. Na kazi yote ilianzia bustanini kwangu. Nilimwelewa, baiolojia nimeisoma mpaka kidato cha nne. Sikumuuliza imesomwaje. Nilimuuliza inarudi lini.

Mbegu ile ilikuwa ya mama yangu. Alikuja nayo kutoka Lusewa alipoolewa. Kwetu shina la mbegu hufungwa tambara, na likishafungwa haliguswi, hata jirani mwenye njaa anajua. Tunda linaachwa liwe jekundu, kisha mbegu zinachanganywa na majivu na kubandikwa kwenye ukuta wa jikoni, juu ya mafiga. Mama alipofariki nilibandua zilizokuwepo, nikazipanda zote. Zikaota chache. Nikachana kanga yake, nikayafunga mashina yale moja moja. Kando yake nilipanda mbegu za mkebe, za haya maduka ya watu binafsi yaliyofunguliwa mjini, kwa ajili ya kuuza.

Mume wangu alishaondoka kufuata madini Tunduru. Salamu yake ya mwisho aliileta dereva wa lori, kutoka Nakapanya. Basi nikabaki na mtoto mchanga na yale mashina.

Watafiti wa hivyo vinasaba walipoomba majani na matunda mawili matatu, nilikubali. Mimi si mchoyo. Siku waliyokuja nilikuwa hospitali, mtoto ana homa. Kumbe wao, kwenye mashamba yao, shina lililochaguliwa kuchukuliwa ndilo hufungwa utepe. Walipoona matambara wakashukuru kwamba nimewarahisishia kazi. Wakang'oa yote na mizizi yake. Za mkebe wakaniachia.

Jioni ile nilikaa jikoni nautazama ukuta. Sikuwa na wa kumwambia. Mtoto alikuwa hajajua kusema.

Nikaambiwa nisubiri, mbegu zitarudi. Nimesubiri mpaka mtoto anatembea, ndipo naletewa fulana.

"Lakini fikiria, mama," bwana shamba alisema, ameishika fulana kwa ncha za vidole. "Sasa dunia nzima wanayo."

"Dunia nzima wanayo, mimi sina. Toka kwangu."

Kesho yake nikambeba mtoto hadi ofisi ya wilaya. Karani akauliza, "Dada, malalamiko ya ndoa au ya mpaka?"

"Ya ngogwe."

Akacheka mpaka akaegemea meza. Nikamwomba karatasi, nikaandika nimesimama:

"Nalalamikia kung'olewa kwa mashina ya mbegu ya marehemu mama yangu, mimi nikiwa sipo. Sidai fidia. Fulana sihitaji. Nadai mbegu zilizopelekwa ng'ambo zirudishwe, hata kama ni za kujaa kiganja tu, kabla mvua za kupandia hazijaanza. Nikabidhiwe mimi mwenyewe, mkononi, si kupitia kwa bwana shamba. Mahali pa kuzibandika papo."