Mimi na Samaki

Natoka Manyoni, mahali ambapo mto wetu una maji miezi mitatu na mchanga miezi tisa. Mpaka nilipofika Stockholm nikiwa na miaka thelathini na moja, samaki niliyemjua alikuwa mkavu, amefungwa kwenye gazeti. Nilisoma shule ya msingi tu. Nafagia na kupiga deki ofisi za Kista, naishi Akalla, na mbele za watu maneno hunipotea. Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba yule mtu wa kwenye picha si mimi.

Picha ilipigwa mwaka 1981. Bertil, fundi wa lile jengo ninalofanyia usafi, alinichukua Jumamosi moja kwenda kuvua. Kazi yangu ilikuwa kubeba chupa ya chai. Akapata gädda, samaki mrefu mwenye mdomo kama wa bata na meno kama ya msumeno, kilo saba. Bertil alitaka picha, lakini kamera ilikuwa mpya na hakumwamini mtu kuishika. Basi samaki nikapewa mimi. Nikamkumbatia kama mtoto wa ubatizo, Bertil akacheka, akabonyeza.

Siku hizo nilikuwa nimemposa Domina, tuliyejuana kanisani hapa hapa Stockholm. Kwao ni kisiwani Ukerewe. Mama yake, Mama Theresia, ameuza samaki mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, tangu akiwa msichana. Aliandika kuuliza: amesikia mchumba ni mtu wa nchi kavu, je, anajua hata samaki anashikwaje? Nikatuma ile picha. Nyuma yake niliandika maneno matatu: "Mimi na samaki." Sikuandika kwamba nimemvua. Wala sikuandika kwamba sikumvua.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita. "Kumbe mkwe wetu ni mvuvi! Picha tumeitia kwenye fremu, kila anayeingia anaonyeshwa." Domina alisoma, akanitazama, akacheka. Mimi pia nilicheka. Tukaoana.

Miaka saba ilipita. Mwezi wa tano mwaka 1988 alizaliwa mtoto wetu wa kwanza, Adelina, na Mama Theresia akaja kumlea mzazi. Kwetu Manyoni mtu hamtazami mama mkwe wake usoni wala hali naye meza moja. Kwao Ukerewe nadhani ni vivyo hivyo, au labda alinihurumia tu akafuata yangu. Yeye alikaa jikoni, mimi sebuleni, pazia katikati yetu, na maneno yalipita kwa Domina kama sahani zinazopitishwa dirishani.

Siku ya pili nilimsikia akisema, kwa sauti ya kunifikia nilipo:

"Domina, mwambie mkwe wangu. Nyumbani kwetu mzazi hanywi mchuzi wa samaki wa dukani. Anakunywa wa samaki aliyevuliwa na baba wa mtoto. Mimi nilikunywa, na mama yangu alikunywa. Basi kesho alete. Mdogo tu anatosha, si lazima awe kama yule wa ukutani."

"Amesikia, Mama."

"Nimesikia," nikaliambia pazia.

Chumbani nilimwomba Domina amweleze mama yake ukweli.

"Mweleze wewe."

"Nitamwelezaje, na hata kumtazama siwezi?"

"Mimi nimekaa kimya miaka saba, hilo linanitosha, Baba Adelina. Uongo huo ni wako. Ubebe mwenyewe kama ulivyombeba yule samaki."

Kesho yake kazini nilimwomba Bertil fimbo ya kuvulia.

"Wiki hii?" Alichungulia nje. "Bwana Anselmo, kuna mambo matatu yanayomfunga samaki mdomo. La kwanza, baridi inayorudi ghafla baada ya joto. La pili, maji ya theluji yanapoteremka kutoka juu. La tatu, na hilo ndilo baya kuliko yote, upepo ukishapita na anga likawa safi bila wingu. Samaki anaona kila kitu, anaogopa kila kitu, analala chini kama jiwe. Mvua nakubali. Dhoruba nakubali. Lakini siku nzuri kama picha, mimi nabaki nyumbani."

"Sasa tuna lipi?"

"Wiki hii, yote matatu," alisema, akacheka mpaka akakohoa. "Umemkosea nani?"

Alinipa fimbo, kiboksi cha ndoano na kopo la minyoo, akaniambia neno moja zaidi: polepole.

Nilipomaliza kazi nilipitia nyumbani, kisha nikapanda treni ya chini ya ardhi kutoka Akalla, kituo cha mwisho upande huu, mpaka Kungsträdgården, kituo cha mwisho upande ule. Ukitoka hapo juu unakutana na Strömmen, pale maji ya ziwa Mälaren yanapomwagikia baharini katikati ya mji, na mtu yeyote anaruhusiwa kuvua. Upepo ulitoka kaskazini, ulinikata masikio. Milango ya maji ilikuwa imefunguliwa, na maji yalipita kwa nguvu hata risasi ya kuzamishia ndoano niliyofunga kwenye mshipi ikaburutwa kama njiti ya kibiriti. Sikupata kitu. Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo.

Siku ya tatu upepo ulikatika na jua likatoka. Waswidi walijaa kwenye mabenchi, macho wameyafumba, nyuso wameziinua juani. Bibi mmoja aliyekuwa na mbwa alisimama kando yangu.

"Hali ya hewa nzuri iliyoje!" alisema.

"Ndiyo, Bibi," nikasema, nikatamani wingu.

Kila jioni nilirudi nikakuta sufuria jikoni. Ndani mlikuwa na kitunguu, nyanya na maji. Mama Theresia aliiweka juu ya jiko, akaitazama, akaiondoa. Hakuuliza. Ile sufuria ndiyo iliyonishinda.

Siku ya nne niliona watoto wa shule wakipiga picha maji yale, jinsi yalivyong'aa. Nikakunja mshipi saa nane mchana, nikaenda kwenye soko la samaki mjini, nikanunua samaki wawili wa Mälaren, wazima, wenye vichwa na matumbo yao. Mwuzaji aliwafunga kwenye karatasi nyeupe. Nilirudi majini, karatasi nikaitupa kwenye pipa, samaki nikawatia kwenye ndoo. Kisha nilifanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nahisi joto shingoni. Niliinama nikalowesha suruali yangu mpaka magotini. Nikalowesha na fimbo. Mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, anajimwagia maji mbele ya watu wanaoota jua.

Nyumbani niliiacha ndoo mlangoni mwa jikoni, nikaenda kukaa sebuleni, mgongo wangu kwa jikoni. Nilisikia ndoo ikimiminwa kwenye sinki. Nilisikia maji ya bomba, kisha bomba likafungwa. Kisu sikukisikia.

Mama Theresia alikuwa akizungumza, lakini si na Domina. Domina alikuwa chumbani akimnyonyesha mtoto.

"Ee samaki," alisema, "karibu. Hebu fungua mdomo nikuone. Mbona mdomo wako mzima kama wa bibi harusi? Ndoano ilikuingia wapi? Na wewe mwenzake, hebu. Nawe mzima. Hii mistari nyuma ya mashavu yenu, nyuzi zimewabana hapa, magamba yametoka. Nyinyi mmelala kwenye wavu usiku mzima. Mkwe wangu ana wavu, samaki? Mimi nimemwona akitoka na fimbo."

Nikainamisha kichwa. Miaka arobaini ameshika samaki, na mimi nilidhani suruali iliyolowa ingemtosha.

"Hamjibu," aliendelea. "Haya. Na yule wa ukutani kwangu, yule mrefu? Naye alikuwa wa nani, samaki?"

Nilimsikia Adelina akimeza. Ningeweza kuvaa viatu nikatoka, na nakiri nilivitazama. Lakini nilielewa kwamba mama yule alikuwa amenifungulia mlango. Kwa kuwa hakusema nami, na mimi nisingehitaji kusema naye.

Nikasimama nyuma ya pazia, uso ukutani.

"Samaki," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Mwambie Mama kwamba nyinyi mmenunuliwa. Na yule mrefu alikuwa wa Bertil. Mimi nilishikishwa tu. Mimi nilibeba chai."

Kisha nikasikia pumzi ndefu, na kisu kikaanza kuparua magamba.

"Hawa tutawakaanga tule," alisema. "Samaki hana kosa. Lakini hawaingii kwenye sufuria ya mzazi. Samaki, mwambie aliyekununua: jua likiwaka na maji yakiwa meupe, samaki hakai palipo na uzuri. Anakwenda kivulini, chini kabisa, karibu na jiwe. Kesho ni Jumamosi. Tutakwenda."

Tulikwenda. Domina alibaki na mtoto, kwa hiyo hatukuwa na wa katikati. Kwenye treni Mama Theresia alikaa mwanzo wa behewa akiwa amejifunga kanga juu ya koti langu la baridi, mimi nikakaa mwisho. Pale Strömmen alitembea kando ya maji akitazama chini, hakutazama kasri wala boti. Akasimama penye daraja, pale kivuli kilipoangukia ukuta wa mawe na maji yalipozunguka taratibu. Akaigeuza ndoo, akaikalia, akanipa mgongo.

"Ndoo," alisema, "hapa."

Nikatupa mshipi karibu na ukuta. Nikauacha uzame.

"Ndoo, mbona mtu anatingisha kama anapepeta mchele?"

Nikaacha kutingisha. Saa moja ikapita, ikapita ya pili. Vidole vilikufa ganzi. Nilipoona haya kuendelea kukosa mbele yake, ncha ya fimbo iligusa chini mara mbili, kidogo sana, kama mtoto anayevuta nguo ya mama yake. Nikavuta.

Alikuwa abborre, kama Waswidi wanavyomwita, si mrefu kuliko kiganja changu. Ana mistari myeusi, mapezi mekundu, na miiba mgongoni iliyonichoma kidole. Mama Theresia aligeuka, akasahau adabu zote mbili, za kwetu na za kwao.

"Sangara!" alipiga kelele. "Mtoto wa sangara, amevaa fulana ya mistari! Mshike kichwani, mkwe, kichwani, si mkiani!"

Ilikuwa mara ya kwanza kusema nami moja kwa moja. Kisha akakumbuka, akafunika mdomo kwa kanga na kugeuka tena.

Hatukupata mwingine. Yule mmoja alichemshwa kwenye ile sufuria, kitunguu, nyanya na maji mengi. Domina alikunywa bakuli zima. "Una ladha?" nilimwuliza chumbani. "Una miiba," akasema, akanywa mpaka mwisho.

Jumatatu nilifungua kiboksi cha ndoano ili nimrudishie Bertil vyake. Juu ya ndoano palikuwa na picha imelazwa kifudifudi. Nilisoma mwandiko wangu: "Mimi na samaki." Mama Theresia alikuwa ameitoa kwenye fremu akasafiri nayo kutoka Ukerewe, ndani ya kitambaa, nadhani ili aniombe tumtafute mwingine kama yule, kisha akaiweka humo. Hakusema lolote siku ile, wala siku aliyoondoka, wala katika barua mpaka leo. Kule kwake sijui anawaambia nini wanaouliza ukuta umepatwa na nini. Hilo hunichoma kuliko maneno yake yote kwa wale samaki wawili.

Bertil alikuwa kwenye chumba cha mitambo. Nilimpa fimbo, nikampa kiboksi, nikampa na picha.

"Lo, gädda wangu!" alisema. "Kilo saba na gramu mia mbili. Lakini hii nilikupa wewe. Kaa nayo, umemshika vizuri."

Nilitaka kumweleza habari yote, lakini Kiswidi changu ni cha ndoo na fagio. Nikausukuma kwake mkono wake ulioshika picha, nikamwambia maneno mawili niliyopaswa kuyaandika miaka saba kabla.

"Si wangu."