Bima kwa Jina Langu

Wakala wa bima alituchangamkia vizuri mpaka nilipomwambia kwamba dereva ni mimi. Hapo tabasamu likapungua. Akaniangalia, akaiangalia leseni yangu ambayo bado ilikuwa inang'aa, halafu akamgeukia baba mdogo aliyenisindikiza, kana kwamba mimi nimetoka nje kidogo.

"Mzee, huyu dada ndio kwanza ameanza. Bima kubwa kwa dereva mpya inapandaga. Tuandike jina lako, itashuka."

Baba mdogo ni mdogo wake marehemu baba yangu. Tangu baba afariki, kila jambo la nyumbani kwetu Bweri lilikuwa lazima lipite kwake, hata kuku wa mama akitaka kuchinjwa. Akajiweka sawa kwenye kiti.

"Ndiyo, andika langu," alisema. "Huyu ataolewa. Gari ikiandikwa yeye, itaenda kwa watu."

Damu ilinichemka. Gari lile hakulinunua yeye, lilinunuliwa na dagaa. Miaka yote mama alikuwa akipokea dagaa wa kisiwa cha Rukuba pale mwaloni Mwigobero, anawaanika, na mimi nawapeleka Bunda kwa basi, abiria wameziba pua na kondakta ananifokea kama nimebeba mzoga. Tuliponunua kile kigari chakavu kwa mwalimu aliyehamishwa, tulitaka jambo moja tu: kubeba mzigo wetu bila kumnyenyekea mtu. Kadi ya gari ilikuwa bado ina jina la mwalimu, na jina tutakalokatia bima ndilo lingehamia kwenye kadi hiyo. Baba mdogo alilijua hilo vizuri kuliko alivyojifanya.

"Kaka," nilimuuliza wakala, "nikigonga mimi, na bima ina jina lake, mtalipa?"

Akashikashika tai yake. "Ukweli, hapo kunakuwaga na usumbufu."

"Na nikisema ni gari la kutembelea tu, kumbe nabeba dagaa wa kuuza?"

"Usumbufu pia."

"Basi usiniuzie usumbufu. Andika jina langu, andika biashara, andika dereva mpya. Andika kila kitu kama kilivyo."

Baba mdogo akaniambia sina adabu. Nikamjibu kwamba ng'ombe wa mahari yangu wakija atawapokea yeye, na sitamuuliza hata mmoja amekwenda wapi, lakini gari ataniachia. Wakala akainamia kompyuta yake kama mtu asiyesikia. Alipotaja bei, ilikuwa mbaya kweli. Nililipa nikiwa na hasira, na hasira hiyo ninayo mpaka leo, kwa sababu simjui mtu aliyezaliwa na uzoefu wa barabarani. Tunaadhibiwa kwa kosa ambalo bado hatujalifanya, halafu tunaambiwa tusaini.

Jioni nilimkuta mama anachambua mchanga kwenye dagaa. Hakuinua kichwa.

"Umeandika lako?"

Nikasema ndiyo.

"Haya, niletee ungo."

Baba mdogo aliacha kunisemesha, ila hakuacha kupanda gari. Muda si mrefu kukawa na msiba kwa ndugu zetu Butiama, naye akapiga simu nimpitie. Akakaa mbele, kofia kichwani, anawapungia watu njia nzima kama mbunge. Nilimwacha apunge.

Tulipokuwa tumepita Makutano tulikuta kundi la ng'ombe linavuka. Nikasimama mpaka wakaisha. Nilipoanza tu kuondoka, mtamba mmoja aliyekuwa amebaki nyuma akachomoka vichakani mbio kuwafuata wenzake, akajibamiza kwenye bampa. Akaanguka, na mguu wa mbele ukawa umevunjika.

Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa mpaka nikasahau kuzima gari. Mwenye ng'ombe alikuja na fimbo, watu wakimfuata, akalipita dirisha langu bila hata kuniangalia. Kwetu habari za ng'ombe huzungumzwa na wanaume, kwa hiyo alikwenda moja kwa moja upande wa baba mdogo.

"Mzee, shuka tuongee. Umeniulia mtamba wangu, na ana mimba."

Sijawahi kusikia ng'ombe wa mkoa huu aliyegongwa bila mimba. Kabla sijafungua mdomo, trafiki aliyekuwa Makutano akafika kwa bodaboda, naye akainama kwenye dirisha lile lile.

"Mzee, gari ni ya kwako?"

Nilimwangalia baba mdogo. Kofia alikuwa ameshaivua, ameishika mapajani kwa mikono miwili.

"Hapana, afande! Yangu itoke wapi? Mimi nimepewa lifti tu. Gari ni ya huyu binti, bima ni yake, kila kitu ni chake."

Nikashuka. Nikampa trafiki leseni, akaingiza namba za gari kwenye simu yake, kisha akasoma majina yangu kwa sauti, yote matatu, la baba yangu likiwa katikati. Bima ilikuwa hai, ya biashara, na mali ya mtu mwingine ikiharibika inalipwa, hata kama mali yenyewe ina miguu minne.

Nikamgeukia mwenye ng'ombe. "Shikamoo, baba. Pole sana. Mwenye gari ni mimi, tuongee."

Aliitikia huku macho yake yakinipita, bado anamtafuta mwanaume ndani ya gari.

"Baba mdogo," nikaita, "hebu rudia ulichosema. Baba hapa hajasikia."

Akarudia, tena kwa sauti ambayo hata waliokuwa wanachunga ng'ombe ng'ambo ya barabara waliisikia.