Mkono Usiosalimia

Kila asubuhi, akishafunga mlango wa nyumba yake, Mwalimu alipeleka mikono yote miwili nyuma, akaikutanisha pale kiunoni, ndipo akashika njia. Majirani walimpungia, naye akawaitikia kwa mdomo tu: "Nzuri! Nyinyi je? Watoto wazima?" Mdomo wake ulikuwa mkarimu, lakini mikono haikubanduka mgongoni. Muuza mkaa wa pale kona alikuwa na utani wake mmoja, na hakuchoka kuurudia.

"Mama, leo tena umekamatwa? Pingu wamekufungia nyuma?"

Pingu zile alijifunga mwenyewe, kwa ajili ya kazi. Alifundisha watu wapya kuongoza magari kwenye barabara zinazotengenezwa. Ni wale unaowaona wamesimama juani na vizibao vinavyong'aa, mkononi wameshika kibao kilichoandikwa SIMAMA upande mmoja na PITA upande wa pili. Somo lake la kwanza halikuwa la kibao wala la filimbi. Lilikuwa la salamu.

"Nyinyi mmelelewa vizuri," aliwaambia, "na hiyo ndiyo shida. Mtu akikupungia, mkono unapunga wenyewe kabla hujautuma. Dereva hajui kwamba unamsalimia shangazi yako. Yeye ameona mkono, anakanyaga mafuta. Ukiwa kazini, mkono hausalimii. Shangazi akinuna, utamwomba radhi jioni."

Wanafunzi walicheka, kisha wakaingia uani, nyuma ya stoo ya vifaa, kufanya mazoezi. Barabara ilichorwa kwa chokaa. Nusu yao walikuwa waongozaji, nusu walikuwa magari, na kijana mmoja mnene hakukubali kuwa kitu kingine ila lori. Alinguruma mpaka mate yakamtoka.

Somo hilo la salamu lilimgombanisha Mwalimu na mama mkwe wake. Mama huyo alikaa mtaa wa jirani, na mara nyingi alimkuta mke wa mwanawe barabarani, akainua mkono kwa furaha, akarudishiwa kichwa kilichotikiswa kidogo, basi. Aliyavumilia hayo mwanzoni. Baadaye akaacha kuja nyumbani.

"Ananipita kama nguzo ya umeme," alimlalamikia mwanawe.

"Mama, anakuwa kazini."

"Na mimi nakuwa nini? Koni ya barabarani?"

Katika kundi la mwaka huo alikuwamo mama mmoja aliyekuwa mshonaji, mpaka mitumba ilipomnyang'anya wateja, akafunika cherehani yake kwa shuka na kutafuta riziki kwingine. Wenzake walimwita Fundi. Aliwazidi wote umri. Hakuwa msemaji, na katika mafunzo yote hakuwahi kuuliza swali. Ukimwambia jambo alilishika kama mtu aliyepewa kipimo cha nguo: hapunguzi, haongezi. Mwalimu alimwambia msimamizi wa kazi, "Huyu unaweza kumwajiri hata kesho. Mdhamini wake ni mimi." Na kweli nafasi ikawekwa, akisubiriwa tu apite jaribio la barabarani.

Jaribio lilifanyika kwenye mteremko wenye kona. Upande mmoja wa barabara ulikuwa umechimbwa mtaro mrefu, kwa hiyo magari ya juu na ya chini yalipita kwa zamu kwenye upande uliobaki. Kwa sababu ya kona, anayeshika kibao juu hamwoni anayeshika kibao chini. Siku nyingine walizungumza kwa redio, lakini redio ya chini ilikuwa imegoma tangu asubuhi. Mwalimu akasema si neno. Akasimama katikati, penye kona, wanapomwona wote wawili. Mkono wake ukiwa juu, umetulia, maana yake zuia. Ukipunga, pitisha. Kwa Fundi, aliyekuwa chini, alirudia mara mbili, naye akaitikia kwa kichwa.

Mambo yalikwenda vizuri. Magari ya juu yalishuka, ya chini yakapanda, madereva wakanung'unika kama kawaida yao. Halafu lori la kokoto likaanza kuteremka. Mwalimu akainua mkono, ukatulia: Fundi azuie.

Wakati huohuo, ng'ambo ya mtaro, mama mkwe akatokea na kikapu chake. Akamwona. Alisita kidogo, kama mtu aliyekwisha kuungua na anaona moto. Kisha, bila matumaini mengi, akainua mkono.

Labda ni kule kusita. Labda ni mwaka mzima wa kununiwa. Mkono wa Mwalimu ulikuwa juu tayari, haukuwa na safari ya kwenda. Ukapunga, na uso wake ukacheka; mama mkwe akaridhika, akakata kichochoro na kikapu chake. Kule chini, Fundi akageuza kibao: PITA.

Teksi ndogo iliyokuwa mbele ya foleni ikapanda. Ilikutana na lori penye kona. Breki za lori zilipiga ukelele, teksi ikakwepa, ikabomoa koni na kutumbukiza pua mtaroni. Dereva wake alitoka, vumbi mpaka kwenye nyusi, akijipapasa mbavu kuhakikisha zote ziko. Hakuumia. Lakini alisimama pale akalitazama gari lake.

Msimamizi alifika mbio. "Nani amefungua?"

"Mimi," alisema Fundi, ambaye alikuwa amepanda na kibao chake mkononi. "Nilimwona Mwalimu akipunga."

Watu wote wakamgeukia Mwalimu. Alijua jibu. Lilikuwa mdomoni kabisa, limelowa mate. Akawaona wanafunzi wake, waliokuja mbio kutoka nyuma ya kona, wamejipanga kando ya mtaro, wale aliowakanya siku zote kuhusu shangazi zao.

"Sikupunga," akasema. Kisha akaongeza, "Mkono wangu ulikuwa juu."

Kwa kuwa maneno hayo ya mwisho yalikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo yaliyomchoma zaidi.

Fundi hakubisha. Alimtazama kama unavyotazamwa uzi uliokataa kuingia kwenye tundu la sindano. Akafikicha macho kwa mgongo wa mkono.

"Basi labda ni jua," akasema polepole.

Msimamizi alimwambia aende nyumbani. Kazi hii, alisema, haina nafasi ya macho ya labda. Kizibao akifue, akirudishe.

Jioni Mwalimu alikuta viatu vya mama mkwe mlangoni pake, jambo ambalo halikuwa limetokea siku nyingi. Mama mwenyewe alikuwa kwenye kochi, akisimulia kwa mikono yote, mwanawe akimsikiliza huku anacheka.

"Mbele za watu! Magari yamesimama foleni, yeye ananipungia mimi! Nikamwambia kila niliyekutana naye: yule pale ni mkwe wangu." Akamwona Mwalimu, akafumbata mikono yake yote miwili. "Mwanangu, nilikuwa nakusema vibaya. Leo umenifuta machozi."

"Kumbe mkono huo unajua kusalimia," alitania mume wa Mwalimu.

Mwalimu akaenda kuchemsha chai. Alipoimimina ilifurika kikombe ikajaa sahani, naye akaendelea kumimina. Angeweza kusema palepale. Lakini angemwambiaje mama huyu kwamba furaha yake ndiyo iliyolitia gari mtaroni? Alijiona mdogo kama punje ya ulezi. Ndipo akaanza kupanga wema wa kupitia mlango wa nyuma: atasubiri joto lipoe, kisha atamwombea Fundi kazi ya kuhesabu vifaa stoo. Atamsaidia, na uso wake mwenyewe utabaki mzima. Aliupenda mpango huo kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Baada ya hapo hata yeye akaona unanuka.

Asubuhi akafunga mlango, akaweka mikono nyuma.

"Mama, leo pingu zimerudi?" alimpokea muuza mkaa. "Maana jana nasikia zilifunguka! Mama mkwe wako ametangazia mtaa mzima."

Kwa mara ya kwanza Mwalimu alipita bila kumjibu hata kwa mdomo.

Uani wanafunzi waliobaki walikuwa wameshaanza kunguruma. Msimamizi alisimama mlangoni mwa stoo na kikombe chake. Fundi akaingia getini, amebeba kizibao mikononi, kimefuliwa, kimekunjwa, kina mikunjo iliyonyooka.

"Ee! Hata hiki kinapigwa pasi?" akauliza msimamizi.

"Nilitandika kitambaa juu, kisiungue," alijibu. "Cha mtu hurudishwa kikiwa safi."

Lori likaacha kunguruma. Magari mengine nayo yakazima. Fundi hakumtazama msimamizi tena. Alikwenda mpaka mbele ya Mwalimu, akasimama kwenye mstari wa chokaa.

"Tangu jana nayajaribu macho yangu," alisema. Sauti yake haikuwa na ugomvi. "Nimetunga uzi kwenye sindano ndogo, umeingia. Mjukuu wangu amesimama kule mwisho wa kichochoro, akanionyesha vidole, nikavitaja vyote. Sasa sielewi. Sikuja kudai kazi, Mwalimu. Lakini nataka kufunua cherehani yangu, na kama sioni vizuri heri nijue mapema, nisije nikamshona mtu kidole." Kisha akauliza: "Jana ulipunga mkono?"

Mikono ya Mwalimu ilikuwa bado nyuma, vidole vimeng'ang'aniana. Aliwaona wanafunzi wake. Alimwona msimamizi, kikombe kimekwama nusu ya njia, yule aliyemfukuza mtu kwa ajili ya macho ya labda. Uongo ungemfaa nini sasa? Akaifungua mikono, akaileta mbele. Haikuwa na pa kwenda, ikaning'inia tu.

"Nilipunga," akasema. "Nilikuwa namsalimia mama mkwe wangu."