Bubuti Melini

Tangu asubuhi Ruateki hakuusogelea ukingo wa meli. Akipita sitahani aliambaa ukuta, mbali na maji. Mwaka juzi mwangalizi mwenzake, Eritai, aliyetumwa kama yeye kuchunga sheria za uvuvi, alipanda meli ya uvuvi kama hii akiwa mzima wa afya. Meli ikarudi bila yeye. Ameteleza, wakasema. Ameteleza! Mtoto wa kisiwa cha Tarawa, aliyejua kuogelea kabla hajajua kutambaa!

Kosa la Ruateki lilikuwa kuandika. Visiwa vinane vya Pasifiki, kila kimoja na serikali yake, vimekubaliana kwamba miezi hii hakuna kuzungushia wavu gogo linaloelea, maana chini yake ndiko wanakojificha jodari wadogo. Kingesema kisiwa kimoja, meli hizi kubwa zingecheka tu. Vikisema vyote vinane, zinaogopa kufungiwa bahari nzima. Lakini huku majini, visiwa vyote vinane vilikuwa mtu mmoja na kitabu chake. Alfajiri gogo lilizungushiwa wavu. Ruateki aliona, akaandika, na nahodha akamwona akiandika.

Adhuhuri hakuna aliyekaa naye mezani. Aliporudi chumbani, simu yake ya setilaiti haikuwapo. Aliinua godoro, akachungulia chini ya kitanda. Hapo mlango ukagongwa, akaruka.

Alikuwa Bwauro, mwana wa shangazi yake, baharia wa meli hiyo hiyo.

"Binamu, umepauka utadhani umelala kwenye barafu na samaki," alisema Bwauro, ila hakucheka. Akafunga mlango. "Bubuti. Nipe kitabu."

Kwetu Kiribati ndugu akishasema bubuti, humnyimi. Utatoa mtumbwi, utatoa hata nguruwe wa harusi, ukalie baadaye kwa siri. Anayekataa ni aibu yake na ya watoto wake.

"Wewe! Unajua unaomba nini?"

"Naomba uhai wako, mjinga wewe! Nahodha kasema nikimpelekea kitabu, bandarini Majuro utashuka kwa miguu yako."

"Na usipompelekea?"

"Hakusema. Aliangalia maji tu."

Ruateki akakitoa kitabu chini ya shati. Akampa Bwauro.

"Ngoja, ndugu yangu," Ruateki akasema. "Na mimi nina bubuti."

"Sasa hivi?"

"Naomba ulimi wako. Tukifika, afisa wa uvuvi akiuliza nani mwingine ameona, sema ni wewe. Neno langu peke yangu nahodha atalipiga teke."

Bwauro akaketi kitandani. "Umeniua, Ruateki."

"Basi kataa."

Hakukataa. Angekataaje? Alitoka na kitabu kwapani, na kwa siku mbili nzima binamu wale hawakutazamana. Ruateki alikula biskuti zake mwenyewe, mlango akiuzuia kwa kiti.

Huko Majuro akapanda Bi Hilmina, afisa wa uvuvi wa Visiwa vya Marshall. Hakuwa na undugu na Ruateki, lakini sheria aliyoishika ilikuwa ile ile ya visiwa vinane.

"Kitabu kiko wapi?"

"Kilianguka baharini," nahodha akatabasamu.

"Walizungushia gogo wavu," Ruateki akasema. "Nimeona kwa macho yangu."

"Bahari imempanda kichwani huyo," nahodha akadakia.

Bi Hilmina akawageukia mabaharia. "Nani mwingine ameona?"

Wote wakatazama viatu vyao. Bwauro alilamba midomo mara mbili.

"Gogo lilikuwepo," akasema. "Taa yake ya kulionyesha usiku nilifunga mimi."

Nahodha hakugombana. Alimtazama Bwauro kidogo tu, kisha akafunga kifungo cha mfuko wa shati lake, mlimokuwa na pasi za kusafiria za mabaharia; bila pasi Bwauro hashuki.

"Nakwenda kumwita polisi," akasema Bi Hilmina. "Mwangalizi, kazi yako imekwisha. Shuka."

Ruateki alishuka mbio. Zege la gati lilikuwa la moto chini ya ndala zake, na alitamani kulibusu. Kwa siku mbili hakuomba kitu kingine. Ndipo akasikia jina lake.

"Ruateki!" Bwauro alikuwa juu, peke yake, mgongo ukigusa ukingo, na wenzake walikuwa wamekwisha kumwachia nafasi pande zote. "Bubuti, ndugu yangu! Usiniache na hawa!"

Ruateki alitazama maji meusi kati ya gati na meli. Aliogopa kuliko siku zote mbili zile. Kisha akashika kamba ya ngazi, akapanda.