Kiingereza cha Kupiga Goti

Nimefundisha Kiingereza hapa Bariadi miaka mingi, na nimechoka. Watoto hawajanichosha. Nimechoshwa na kile nilichowafundisha.

Kulikuwa na msichana mmoja kidato cha nne, baba yake mkulima wa pamba kule Kasoli. Kiingereza chake kilikuwa cha barua rasmi, kimepigwa pasi, na aliyekipiga pasi ni mimi. Kile cha kwenye simu nilikipiga marufuku darasani, nikisema ni cha wahuni, mtu mzima haongeleshwi hivyo. Nyumbani kwao alilelewa vilevile: binti hupiga goti, huinamisha macho, hujibu alichoulizwa, basi.

Wakaja wafadhili kuchagua mwanafunzi mmoja wa kumlipia masomo hadi chuo. Baba yake alishasema wazi: bila hao, shule ndiyo imeishia hapo.

Nilikaa nyuma ya chumba. Wafadhili wenyewe vijana, jinzi na raba, wanacheka, wanataka waitwe majina yao tu. Binti akapiga goti mlangoni. Wakatazamana. Wakamuuliza habari zake, akajibu sentensi moja safi, akaangalia sakafu, akasubiri swali. Wakamwambia ajisikie huru, apige stori tu. Akawashukuru kwa heshima zote, akanyamaza. Hasira zikanipanda, nikataka kusimama niwaambie, jamani, huyu anawaheshimu. Sikusimama. Hata mimi nililelewa kutofungua mdomo mbele ya wageni bila kuulizwa.

Mwenzake aliyefuata aliwasalimia kama washikaji wa kijiweni, makosa kila sentensi. Wakacheka naye nusu saa, wakamchukua. Kuhusu binti waliandika kwamba hajiamini. Eti hajiamini, mtu aliyekuwa akinisaidia kusahihisha madaftari ya darasa zima. Mcheza kwao hutunzwa, wanasema. Haya.

Siku hizi anauza nyanya Somanda, karibu na kijiwe cha bodaboda. Wiki iliyopita aliniona, akapiga goti palepale vumbini, akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mwalimu."

Nikaitikia, nikaulizia nyumbani, mvua, ng'ombe. Tulipomaliza akaniambia mdogo wake ameanza kidato cha kwanza shuleni kwangu.

"Huyo naomba umfundishe Kiingereza kile cha kucheka nao," akasema, macho chini. "Hiki changu usimpe."

Nikamwambia sawa, nitamfundisha. Mwenyewe sikijui.