Mama Glavu na Mashine ya Kukereza

Majirani walimwita Mama Glavu, na wala hakukasirika. Alikuwa na glavu za mpira za kufulia, nyembamba za kukatia pilipili, na za ngozi za kushikia sufuria. Angeweza, angewavisha hata kuku. Tangu dada yake alipoungua vidole kwa mafuta ya moto, hofu ilimganda, hakuuamini tena mkono mtupu.

Mumewe alikuwa mbeba mbao kwenye karakana ya useremala. Glavu nene za kitambaa alizonunuliwa na mkewe zilimwepusha na vibanzi miaka yote. Sasa alikuwa amepandishwa cheo, akawekwa kwenye mashine ya kukereza miguu ya vitanda, ile inayozungusha mti huku patasi ikiuchonga. Asubuhi alitaka kuziacha nyumbani. Mama Glavu akamng'ang'ania mlangoni mpaka akalia.

"Haya basi, nitavaa," mume akasema. "Futa machozi."

Mchana mke akaenda dukani kutafuta jozi nene zaidi.

"Za kazi gani, mama?" muuzaji akauliza.

"Za mume wangu. Siku hizi anakereza mbao kwa mashine."

Muuzaji akairudisha jozi rafuni. "Ile inayozunguka? Hapo havai glavu kabisa! Uzi mmoja ukinaswa, mkono wote unavutwa kabla hajasema lo."

Mama Glavu alitoka mbio, kiatu kimoja kikamvuka, hakugeuka kukiokota. Njia nzima alijilaani, maana aliyelia mlangoni ni yeye.

Karakanani mashine ilikuwa ikinguruma. Mumewe ameiinamia, glavu mkononi, na kwenye kidole gumba uzi umechomoza, unapepea karibu kabisa na mti unaozunguka. Mke alifungua mdomo amwite, akauziba kwa kiganja. Akishtuka, je? Akanyata akiambaa ukuta mpaka kwenye swichi. Akazima.

Mti ukazunguka, ukazunguka, ukasimama.

"Vipi tena?" mume akageuka akicheka. "Si nimevaa, kama ulivyotaka?"

Mkewe alimshika mikono, akamvua glavu taratibu, kidole kimoja kimoja, akiogopa kukuta pengo. Vyote vilikuwepo. Akaviweka shavuni, vitupu, vimejaa vumbi la mbao.

"Usivae," alisema. "Nakuomba, baba watoto, usivae."