Simu Isiyobisha Hodi

Akech Odoyo, binti wa Kijaluo, alisomea kompyuta Mwanza, akarudi Tarime na kupanga chumba kimoja cha duka pale Bomani. Alitengeneza simu za watu ili apate kula, na kazi zikipungua aliketi nyuma ya kaunta akiandika programu yake mwenyewe. Aliipa jina la Sebuleni. Alitaka familia zilizotawanyika zikutane humo kama watu waliokaa kwenye makochi ya nyumba moja.

Ya kwake ilikuwa imetawanyika kweli. Mama yake, Zilpa, aliwalea yeye na dada yake Esta kwa kuuza dagaa sokoni, kisha akavuka mpaka kurudi kwao Migori, Kenya, kumtunza bibi yao aliyepofuka. Esta aliolewa na Machage, Mkurya wa Kerende, ambaye dhahabu ilimtoa shambani kama ilivyowatoa vijana wengi miaka ile. Walipanga chumba Genkuru, kule kwenye machimbo ya Nyamongo, na Machage akawa anashuka mashimoni na wenzake.

Zilpa alikuwa na simu nzuri, lakini hakuwahi kuielewa. Ikiita, alitelezesha kidole upande usiofaa na kuikata, halafu akalalamika kwamba watoto wake hawampigii. Kwa hiyo Akech alibuni kitu alichokionea fahari kubwa: mtu aguse tu picha ya mwenzake, na simu ya upande wa pili ijifungue yenyewe, kamera na sauti, bila mtu kuipokea.

Jirani yake, mwalimu Ponsiano kutoka Bukoba, alikuwa wa kwanza kuijaribu. Aliifurahia, kisha akauliza, "Na mwenye simu akiwa anaoga?"

"Kwani wewe, Mwalimu, unaogea sebuleni?"

Wakacheka, na neno likaishia hapo. Akech hakukumbuka kwamba Genkuru watu wengi wana chumba kimoja tu, na kwamba chumba hicho ndicho sebule, ndicho jiko, na mvua ikiangusha uzio wa bafu, ndicho bafu.

Esta alijifungua mtoto wa kike. Mama yake Machage alikuwa amefariki zamani, hivyo wazee wa pande zote mbili wakakubaliana kwamba Zilpa aende kumlea mzazi. Jambo hilo halikuwa jepesi. Kwa Wajaluo kama kwa Wakurya, mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Hawali pamoja, hawapeani mkono, wakikutana njiani mmoja hukaa pembeni. Machage alimpangia mama mkwe chumba nyumba ya pili, akahakikisha mlango wake unatazama upande mwingine, ili wasije wakapishana hata kwa bahati mbaya.

Siku moja kabla ya safari, Akech alikwenda Migori kumchukua mama yake. Akina mama wa kanisani walikuja kumuaga Zilpa, na Zilpa akawaambia binti yake ametengeneza kitu ambacho hawajawahi kukiona. Akech akaiunganisha simu na televisheni ya nyumbani. Wote wakasogeza viti.

"Gusa hapo kwenye picha ya Esta, Mama. Usiogope."

Zilpa akagusa.

Esta alikuwa amempeleka mtoto kliniki na kuiacha simu dirishani ikichaji. Kilichojaa kwenye televisheni kilikuwa Machage, ametoka shimoni, amesimama ndani ya beseni, sabuni kichwani, anaimba. Kisha akageuka kutafuta maji.

Akech alirukia waya na kuuchomoa. Televisheni ikazimika, lakini simu iliendelea kuimba mezani mpaka alipoikamata. "Esta, ni wewe umerudi?" Machage akauliza kutoka ndani yake, halafu ikanyamaza.

Zilpa alikuwa amejifunika kitenge usoni. Alinyanyuka hivyo hivyo, akipapasa ukuta, akaenda jikoni.

"Yawa," mama mmoja akashangaa taratibu kwa Kijaluo, "huyu mtoto wako, Zilpa, ametutembeza mbali."

Akech alimkuta mama yake anatoa nguo kwenye begi, moja moja, pamoja na unga wa uji aliomsagia Esta.

"Mama, si kosa lako."

"Nani amesema ni langu? Mimi siendi huko. Nitakaaje jirani na yule mwanaume? Nikisikia maji yanamwagika ng'ambo ya ukuta, nifikirie nini?"

Kesho yake Akech alikwenda Genkuru peke yake. Habari zilikuwa zimemtangulia, maana kati ya Migori na Nyamongo hakuna asiye na ndugu. Alipopita karibu na mashimo alisikia kijana akimwita Machage, "Mheshimiwa, leo unatoka kwenye taarifa ya saa ngapi?" Machage hakugeuka. Alipomwona Akech alisema tu, "Shemeji, umenianika," akapita.

Ndani, mtoto alikuwa analia na Esta hajui afanye nini. Maziwa yamejaa, titi limekuwa gumu, macho yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Hukufikiria, Akech?"

Angeweza kusema hapana, halikumjia. "Mwalimu Ponsiano aliniuliza," alisema. "Nikamcheka."

Aliporudi Bomani aliibadilisha programu. Sasa simu ilisema hodi, kisha ikasubiri aliyemo ndani aseme karibu. Ilikuwa kazi ya siku moja tu, na kila alipolikumbuka hilo alijisikia vibaya zaidi.

Wazee wakaamua Esta ndiye aende kwa mama yake. Wakakutana Sirari, mpakani. Zilpa alisimama chini ya kibaraza cha duka, akampokea mjukuu na kumfunua uso. Machage, aliyewasindikiza, alibaki ng'ambo ya barabara nyuma ya lori, amewapa mgongo. Palikuwa karibu kiasi cha kusikika, lakini kila neno lilipita kwa Akech.

"Mwambie mama anisamehe. Sikujua."

"Anasema umsamehe, Mama. Hakujua."

"Mwambie sikuona kitu. Macho yangu ni ya kizee."

Akech akavuka barabara. "Anasema hakuona kitu."

Wote watatu walijua kwamba Zilpa hutunga uzi kwenye sindano bila miwani.

"Mwambie asante," Machage alisema.

Kisha, bila kugeuka, akampa Akech simu yake juu ya bega. "Na hiyo sebule yako, shemeji, nifutie."

Akech alitaka kumwambia kwamba sasa inabisha hodi. Alitaka kumwambia kwamba mtoto anaondoka, na kwamba humo angemwona kila siku akikua. Akautazama ule mgongo, akayaacha maneno. Alifuta.

"Imefutika?"

"Imefutika."

"Hakikisha."

Alihakikisha. Machage akairudisha simu mfukoni. "Mwambie mama nitapiga jioni, simu ya kawaida. Esta ndiye apokee."

Akech akageuka kuvuka tena. Kabla hajafungua kinywa, mama yake, macho yakiwa kwa mtoto, alisema, "Mwambie nimesikia."